Kabari ya Inchi Nane

Jumanne, 2 Juni

Mjomba, shikamoo.

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Juzi nilikuuliza swali lile lile mara nne, mwishowe ukanijibu kwamba mkaza mjomba katoka, nijaribu kesho. Najua ni msumeno wa miaka arobaini ulioyala masikio yako, wala sikulaumu. Barua tutazituma kwa basi. Ya asubuhi inafika kwako kesho yake.

Nataka kupanda Ufa, ule mpasuko wa mwambani. Tumepanga Jumamosi ya tarehe ishirini na saba, mimi na Nesi, yule rafiki yangu wa hospitali aliyekuja kwenu mwaka jana akamaliza chai yote. Mimi nitatangulia, yeye atanishikia kamba chini.

Siku hizi watu wengi hupanda miamba iliyokwisha kutobolewa na kuwekwa vyuma vya kudumu. Unafika, unapachika kamba, unaendelea. Ufa hauna chuma hata kimoja, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote. Kinachokuzuia kufika chini kabla ya wakati ni kile ulichobeba na kukichomeka mwenyewe. Kwa nusu ya chini, ambako ngumi inajaa, vyuma tunavyo. Kuanzia hapo Ufa unapanuka, ngumi inaelea, na vyuma vikubwa hatuna wala hatumjui aliye navyo. Ndipo nikakumbuka kabari zako za mti. Naomba unichongee sita, za inchi nne hadi sita.

Kwa juu kabisa sina wasiwasi, maana lipo jiwe. Katika ukoo wetu hakuna asiyejua kwamba ulifika kwenye ule ukingo mwembamba, ukatazama juu, ukaona jiwe kubwa kama kichwa cha ng'ombe limekwama katikati ya Ufa, ukalizungushia kamba na kumaliza. Nimelala na hadithi hiyo tangu nina meno ya utoto. Nadhani ndiyo iliyonifanya nikubali kazi ya kufuta vioo vya maghorofa, wakati wenzangu wote wa darasani wanaogopa ngazi. Niambie tu: kutoka kwenye ukingo hadi kwenye jiwe ni umbali gani?

Mama anakusalimu. Nilipompa habari hizi alikuwa anakunja nguo. Alikunja shati moja mara tatu, hakusema kitu.

Mpwa wako,
Kiroboto

*

Ijumaa, 5 Juni

Kiroboto, marahaba.

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili na miwani. Kabari nitakuchongea, za mti mgumu, kila moja na tundu lake la kupitishia utepe. Utazigonga kwa nyundo mpaka mlio ubadilike. Kabari ambayo haijakaa hulia kama kopo. Iliyokaa hulia kama mlango wa watu wenye heshima.

Sasa nisikilize. Ufa wa upana ule haupandwi kwa mikono kama ngazi. Unaingiza upande mmoja wa mwili: bega, goti, na mkono uliokunjwa, kiganja kwenye ukuta huu na kiwiko kwenye ukuta ule. Unajikaza. Unapumua. Unapandisha kisigino inchi tatu, unajikaza tena. Utajiona mjinga, asiyejiona mjinga mle ndani bado hajaingia. Vaa suruali nzito na mikono mirefu, na usijizamishe sana ndani ukitafuta usalama, utakwama kama droo iliyovimba wakati wa mvua. Huko ndani panatuliza moyo lakini hapaendi popote.

Kuhusu jiwe, ni zamani sana. Andika mita mbili, mbili na nusu.

Mama yako hakusema kitu kabisa? Hata baadaye?

Mjomba wako,
Seremala

*

Jumanne, 9 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mzigo umefika jana. Kabari sita ni nzuri mpaka Nesi anataka kuziweka sebuleni. Lakini ndani ya gunia nimekuta na ya saba ambayo sikuiomba, inchi nane nzima. Nesi ameipeleka kazini akaiweka kwenye mizani ya wodi ya wazazi: kilo mbili na robo. Anasema ni uzito wa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, na watoto wa namna hiyo hawapandishwi miamba.

Naomba usikasirike, hiyo tutaiacha. Kila nilichobeba kinaning'inia kiunoni, na mle ndani, kama ulivyosema, nafasi ni ya mwili tu. Kutoka kwenye ukingo nitapanda mita mbili au mbili na nusu bila kitu, nitafika kwenye jiwe, basi. Hesabu nimeipiga na kuirudia.

Mama amekwisha kuipatia kazi. Anaegemezea mlango wa jikoni usibamizwe na upepo. Anasema haijawahi kutokea kabari ya mlango iliyopigwa msasa hivi.

Uliuliza kama amesema lolote. Aliuliza kama ni wewe uliyeniambia mita mbili na nusu. Nikamwambia ndiyo. Akaenda kumwagilia maua.

Mpwa wako,
Kiroboto

*

Ijumaa, 12 Juni

Kiroboto, marahaba.

Kabari ile si ya mlango. Mlango utiliwe bawaba mpya.

Mawe huanguka. Miaka thelathini na moja ya mvua na jua si mchezo, hata ukuta wa saruji husogea. Hujui kama jiwe lipo. Mimi pia sijui. Beba kabari hata kama ni nzito, na upunguze hizo za inchi nne, uchukue mbili badala ya tatu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe guu lako una kazi nalo.

Mjomba wako,
Seremala

*

Jumatatu, 15 Juni

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilinitia wasiwasi, kwa hiyo jana tumekwenda kuangalia. Tulizunguka chini ya Ufa saa nzima. Jiwe la kadiri ile likianguka kutoka juu lazima liache alama: mti uliovunjika, shimo, vipande. Hakuna. Chini ni majani makavu na udongo laini. Ufa wenyewe umepinda, ukiwa chini huoni zaidi ya ukingo, lakini jibu liko wazi. Kama halikuanguka, lipo.

Kwa hiyo usiwe na shaka. Kabari kubwa inabaki mlangoni. Nikilifikia jiwe nitalipiga kofi moja kwa niaba yako.

Nimefanya mazoezi ya goti na kiwiko kati ya kuta mbili za stoo ya kazini. Msimamizi alifungua mlango, akanikuta nimening'inia juu ya ndoo, akafunga.

Mpwa wako,
Kiroboto

*

Alhamisi, 18 Juni

Kiroboto,

Soma barua hii ukiwa umekaa.

Jiwe halipo. Halikuanguka wala halikusombwa na mvua. Halijawahi kuwepo.

Nilifika kwenye ukingo, hilo ni kweli, na yote niliyokufundisha kuhusu goti na kiwiko ni kweli, niliyalipia kwa ngozi yangu. Pale nilibakiwa na kabari moja, ya inchi tano. Nikanyoosha mkono juu nikapima kwa shubiri, kama tulivyozoea karakana: shubiri yangu kamili kasoro upana wa kidole. Inchi nane. Nikatazama mpaka mwisho wake. Kuta mbili laini na mbingu katikati, mita sita, si mbili. Hakuna cha kushika wala cha kuzungushia kamba. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Halafu nikaigonga ile kabari kwenye mwanya mdogo nyuma ya ukingo, nikapitisha kamba, nikashushwa kama ndoo ya kisimani. Aliyenishusha ni mama yako. Ndiye aliyekuwa ameshika kamba, na hakukuwa na mtu mwingine.

Kesho yake karakana nzima ilikuwa inangoja. Fundi mkuu akaniuliza, "Umefika?" Nikasema ndiyo. Neno moja tu. Jiwe lilikuja wiki moja baadaye, mtu mmoja mwerevu aliponiuliza pale juu nilichomeka nini. Maji nilikwisha kuyavulia nguo. Kichwa cha ng'ombe kiliongezwa kwenye arusi ya mama yako, na baadaye ninyi watoto mkakipenda, mkawa mnakidai. Yeye hakunisahihisha hata siku moja. Afadhali angenisahihisha.

Nilidhani kabari ingetosha. Nilidhani utaibeba tu kwa sababu nimekutumia, kisha ukifika pale utaona mwenyewe na utakuwa nayo, na mimi nitasema jiwe lilianguka. Huo ndio ulikuwa mpango wa mtu mzima wa miaka hamsini na nane.

Ningeweza kumwomba mke wangu akupigie simu, lakini naye aliolewa akijua jiwe lipo. Una siku tisa, barua itafika. Beba kabari ile, au usipande.

Mjomba wako

*

Jumapili, 21 Juni

Mjomba, shikamoo.

Usishtuke na tarehe. Nesi alibadilishiwa zamu, ikabidi safari tuiwahishe kwa wiki moja. Tuliondoka Ijumaa asubuhi, tukapanda jana. Tumefika juu wote wawili na kurudi kwa njia ya nyuma. Hakuna aliyeumia zaidi ya magoti.

Jiwe lipo. Ni kama ulivyosimulia, kichwa cha ng'ombe kabisa, isipokuwa upande mmoja umemeguka kidogo. Nililizungushia utepe, nikamaliza bila shida. Nililipiga na kofi.

Kabari zako zilikaa vizuri. Zilikuwa zinalia kama mlango wa watu wenye heshima.

Mama anauliza kama unaweza kumchongea kabari nyingine ya mlango wa jikoni. Ile imepotea.

Mpwa wako,
Kiroboto

*

Jumatatu, 22 Juni

Mjomba,

Leo asubuhi nimepeleka barua yangu kwenye ofisi ya mabasi. Nilipoikabidhi dirishani, karani akasema na mimi nina barua kutoka kwako, ilifika Ijumaa jioni. Nikaisomea pale pale kwenye benchi. Nikarudi dirishani kuomba yangu nirudishiwe. Mfuko ulikuwa umeshafungwa na kupakiwa. Kwa hiyo barua zetu zimepishana njiani, na yangu ni ya uongo. Hii ndiyo ya kweli.

Alhamisi usiku nilikuwa napanga mzigo. Mama akatoka jikoni amebeba ile kabari, mlango ukabamiza nyuma yake. Akaiweka juu ya begi langu.

"Kaka yangu ni bahili wa mbao," akasema. "Kipande ambacho wenzake wanachemshia chai, yeye anachongea kijiko. Akikupa inchi nane za mti mgumu bila kuombwa, kuna jambo anataka kulisema na mdomo umekataa. Ibebe."

Nikamuuliza jambo gani. Akasema si lake kulisema. Nikaibeba kwa sababu ya sauti yake, si kwa sababu nilielewa.

Nusu ya chini ilikwenda vizuri. Kwenye upana nilitumia muda mrefu, suruali ilipasuka goti, nikalia kidogo, nikaendelea. Nilipofika kwenye ukingo nikaona mwanya ule wa nyuma, na ndani yake kabari ya inchi tano, nyeusi kwa uzee, ina alama ya karakana yenu. Utepe uliooza bado ulikuwa umepita kwenye tundu, umevutwa kuelekea chini. Mimi hushuka kwa kamba kila siku, Mjomba. Utepe wa kushukia naujua. Kwa hiyo nilikwisha kujua kabla sijatazama juu. Nilipotazama, nikaona ulichoona wewe.

Nilikaa. Nilitaka kushuka. Ningeshuka, na hakuna ambaye angenicheka. Halafu nikaichukua ile kubwa, nikanyoosha mkono mpaka nikaona nyota, nikaigonga. Iliingia kama imepimwa pale pale. Na kumbe ilipimwa, kwa shubiri, miaka thelathini na moja kabla.

Nilikuwa nimeipita kidogo, kisigino kipo juu yake, kiatu kikateleza. Nilianguka mita mbili na nusu, ule umbali wako. Kule chini kamba ilimwinua Nesi hadi akasimama kwa vidole vya miguu. Kabari ililia mara moja ikanyamaza. Ilishika. Isingekuwapo, ningeangukia ukingo mgongo kwanza, na barua hii ingeandikwa na Mama. Nilipanda tena kwa sababu niliogopa kukaa pale kuliko kwenda. Imebaki kule juu, haitoki hata kwa nyundo.

Sasa nikwambie kitu kingine. Nimekasirika. Jiwe la arusini sina neno nalo, ulikuwa kijana na karakana nzima imekutolea macho. Lakini "andika mita mbili, mbili na nusu" uliiandika juzi, kwa mkono wako, ukiwa na miwani, ukijua naenda. Hiyo inaniuma. Nimejaribu kutokuumia, nimeshindwa.

Nimemuuliza Mama aliwezaje kujua muda wote huu asiseme. Akasema hakuna aliyemuuliza. Kamba inayopanda na kamba inayoshuka hazifanani mikononi, akasema, na yeye alizishika zote mbili siku ile, lakini watu wote walikwenda kumuuliza aliyekuwa juu.

Na kwa nini mimi nikaandika kwamba jiwe lipo? Sijui vizuri. Nilikuwa nimekaa pale ulipokaa, nikaona si kitu, hadithi ibaki ilivyo. Kalamu ikasema ndiyo kabla yangu. Kwa hiyo siwezi kukuhukumu sana, ingawa ningependa.

Kiroboto

*

Jumapili, 28 Juni

Kiroboto,

Marahaba, ingawa safari hii hukunisalimu. Ni haki yako.

Barua yako ya uongo ilitangulia. Nilipofika kwenye "jiwe lipo" niliketi juu ya benchi la kazi na sikuinuka mpaka vijana walipofunga karakana. Nilijua unadanganya, na kwamba kama unaweza kuandika uongo basi uko hai. Nililia hadharani. Walidhani ni vumbi la mbao.

Ya pili imefika keshoye. Sina la kujitetea kuhusu mita mbili na nusu. Nilikuwa na kalamu mkononi na nafasi kwenye karatasi, na aibu ikanishinda nguvu. Hata Alhamisi ile, badala ya kupiga simu saa ile ile, nilihesabu siku tisa nikaona zinatosha kunisitiri. Nisamehe. Usiponisamehe nitaelewa, nitaendelea kukuandikia.

Leo wajukuu wamekuja wote, na baada ya kula yule mdogo kabisa akadai Ufa. Nikaanza kama kawaida. Nikapanda, nikachunika goti, nikafika kwenye ukingo, nikatazama juu.

"Na jiwe?" akauliza.

"Hakuna jiwe," nikasema. "Nilishuka. Dada yangu alinishusha."

Mke wangu aliweka birika chini taratibu. Wale wakubwa wakatazamana. Mdogo hakuona ajabu yoyote. Alitaka tu kujua, kama babu alishuka, basi juu alifika nani. Nikachukua barua yako nikawasomea, kuanzia mlango uliobamiza hadi kiatu kilichoteleza. Wamenirudisha mara tatu kwenye ile kabari iliyolia. Jioni walikuwa wanaicheza uani, na hakuna aliyetaka kuwa mimi. Mmoja alikuwa wewe, mmoja Nesi, na mkubwa alikuwa mama yako. Alisimama ameshika kamba, hasemi kitu, kama alivyo.

Mke wangu ameanza kuniuliza upya habari zangu zote za ujana, moja baada ya nyingine. Tumefika mwaka wa kuoana. Nadhani tutamaliza mwezi ujao.

Ukitaka tena kupanda, niambie mapema unachohitaji, na nisichokijua nitakuandikia kwamba sikijui.

Kwenye mzigo huu imo ya mama yako: kabari ya msonobari, inchi tatu, ya kipande kilichobaki nilipotengeneza meza. Mti laini. Haiwezi kushikilia mtu. Ni ya mlango tu, na safari hii nimesema.

Mjomba wako,
Seremala